Kupeleka ndege ya zamani kwenye mkusanyiko: hesabu za kufanya kabla hujaondoka Tanga

Ukiwa na ndege ndogo ya zamani hapa Tanga, siku utakapoalikwa kuipeleka kwenye mkusanyiko wa marubani au maonesho ya ndege, moyo utakwenda mbio. Usijibu "nakuja". Jibu "nitakuja hali ikiruhusu", kisha chukua karatasi na kalamu. Kwa miaka ninayorusha Piper J-3 Cub ya mwaka 1946 kutoka uwanja wetu, nimeona safari za namna hii zikiharibikia mezani, kabla injini haijawashwa, kwa sababu mwenye ndege alipanga kwa kufuata tarehe ya sherehe, si uwezo wa ndege yake.

Tuanze na mafuta. Cub ina injini ya Continental ya nguvu za farasi 65. Hewa ikitulia inakwenda kama kilomita 120 kwa saa na inakunywa kama lita 17 kwa saa. Tangi linachukua lita 45. Kwa ndege inayoruka mchana kwa kuangalia nje, akiba inayotakiwa ni nusu saa. Mimi naweka saa nzima, maana avgasi, yaani petroli ya ndege, kwenye pwani yetu haipatikani kila uwanja. Ukishatoa saa hiyo unabaki na lita 28, yaani saa moja na dakika 39 za safari.

Tanga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 200 kwa mstari ulionyooka. Bila upepo hiyo ni saa moja na dakika 40, kwa hiyo umeshaigusa akiba. Sasa weka kusi, ule upepo wa msimu unaotoka kusini. Ukikutana na upepo wa kilomita 37 kwa saa usoni, mwendo wako juu ya ardhi unashuka hadi kilomita 83. Safari ileile inakuwa saa mbili na dakika 25, na tangi zima, hadi tone la mwisho, linadumu saa mbili na dakika 39. Ndege ya kisasa yenye tangi kubwa hata haiulizi swali hili. Kwetu sisi ndilo swali la kwanza.

Kwa hiyo wakati wa kusi naigawa njia. Saadani iko karibu nusu ya safari na ina kiwanja. Omba ruhusa siku kadhaa kabla, kwa sababu pale ni ndani ya hifadhi ya taifa, na panga mtu akutangulie kwa gari akiwa na madumu ya mafuta na chujio. Ukishamimina, subiri kidogo, kisha fungua bomba la chini la tangi ukinge kwenye chupa ya kioo. Maji yatakaa chini kama shanga. Endelea kumwaga mpaka chupa itoke safi. Dumu lililokaa usiku kucha kwenye unyevu wa pwani usiliamini hata kama umelijaza mwenyewe.

Na uondoke mapema. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi hewa ya Tanga imelala. Jua likishapanda upepo wa baharini unaanza kuingia, na juu ya mashamba ya mkonge ndege inaanza kurushwarushwa. Ukielekea kaskazini, Mombasa kwa mfano, kusi itakusukuma vizuri sana wakati wa kwenda. Fanya hesabu ya kurudi kwanza, maana huko ndiko itakakokudai.

Geji ya mafuta ya Cub ni kizibo kinachoelea ndani ya tangi, kikiwa na waya unaochomoza juu ya kifuniko, pale mbele ya kioo. Unauona muda wote ukitikisika. Mafuta yakipungua unazama taratibu. Ni kifaa kizuri kwa sababu hakina umeme wala kitu cha kuharibika, lakini hakikupi idadi ya lita. Idadi ya lita iko kwenye saa yako ya mkononi: andika dakika uliyoondoka, kwa kalamu, mahali unapopaona.

Jambo la pili ni kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Rubani aliyejifunzia bara, mbali na pwani, anafikiri barafu ni habari ya Ulaya. Hapa kwetu, nyuzijoto 28 na unyevu wa pwani, barafu inaweza kuganda ndani ya kabureta, hasa ukiwa umepunguza nguvu unashuka kutua. Mafuta yanapogeuka mvuke yanafyonza joto, na hewa inapobanwa kwenye koo la kabureta inapoa zaidi. Kwa pamoja vinaweza kushusha joto la ndani kwa nyuzi 20 na zaidi. Dalili yake ni ya kimyakimya: mizunguko ya injini inapungua kidogokidogo huku hujagusa kitu. Vuta kishikio cha kuingiza hewa ya moto kwenye kabureta, vuta chote. Mizunguko itashuka zaidi, injini itakohoa, na hapo wengi wanashtuka na kukirudisha. Usikirudishe. Kile kikohozi ni maji ya barafu iliyoyeyuka yakipita ndani ya injini. Vumilia, mizunguko itapanda yenyewe. Na kabla ya kupunguza nguvu ili kutua, vuta hewa ya moto kwanza, kila mara, hata kama siku ni ya jua kali.

Ukialikwa Zanzibar, usikate bahari moja kwa moja kutoka Tanga. Fuata ufuo kuelekea kusini, Pangani, Saadani, kisha vuka pale mkondo unapokuwa mwembamba. Penye wembamba wake bado ni kama kilomita 35, na ukiwa katikati, hata kwa urefu wa futi 5,000, injini ikizima Cub haitakufikisha ufukweni. Koti la kuokolea livae mwilini. Likikaa chini ya kiti halina kazi.

Njia hii ya pwani si ngeni kwa ndege za aina yetu. Miaka ya 1930, Wilson Airways ya Nairobi, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ilikuwa ikileta abiria na barua hadi Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam kwa ndege ndogo za de Havilland. Kila nikiwa juu ya mdomo wa Mto Pangani nafikiri kwamba marubani wale waliusoma ufuo huuhuu, na ndiyo maana inaniuma nikiona ndege ya zamani imeachwa banda la pembeni inaliwa na chumvi. Chumvi ndiyo adui mkubwa wa ndege yako ukiwa Tanga. Ioshe kwa maji baridi kila ukirudi kutoka ufukweni, na mwambie fundi afungue sehemu ya mkia, kwenye mabomba ya chuma ya chini, kwa maana unyevu hukaa huko na kutu huanzia huko, chini ya kitambaa kinachofunika ndege, usipopaona.

Mwaliko wa Arusha ni habari nyingine. Uwanja uko mita 1,387 juu ya usawa wa bahari, sawa na futi 4,550. Nyuzijoto zikifika 28, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba injini na mabawa vinafanya kazi kama mko futi 7,200 hivi. Zile farasi 65 hazitafika hata 55. Ukishazoea kuruka Tanga, ambako uko karibu na usawa wa bahari, utashangaa jinsi barabara ya kurukia inavyokwisha mbele yako. Nenda peke yako, mizigo ipande basi.

Soma maelekezo ya kuwasili jana yake, usiyasome angani. Kwenye mkusanyiko mkubwa wa Oshkosh kule Marekani, ndege zinapanga mstari mmoja juu ya reli kwa mwendo na urefu uliopangwa, na waongozaji wanakuambia utikise mabawa, wewe huongei. Hata mikutano midogo ya huku kwetu ina utaratibu wake. Cub nyingi hazina umeme, kwa hiyo beba redio ya mkononi yenye betri iliyojaa, na ukiita mnara wa kuongozea ndege taja mwendo wako mapema, ili anayekuja nyuma yako na ndege ya abiria apangwe mbali.

Ukishatua, kazi ngumu inaanza. Watu watakuja, na watoto watakuwa mbele. Kijana atakuambia, "Mjomba, nipige picha nimeshika panga boi." Mwambie kwa upole, "Hapana mwanangu, simama huku kwenye bawa, utapendeza zaidi." Mweleze na sababu, maana wengi wanaelewa wakielezwa: injini hii haina ufunguo kama wa gari. Magneto inatoa cheche yenyewe, na waya mmoja wa kuizima ukikatika, panga likisogezwa kidogo tu injini inaweza kuwaka. Wakati wa kuwasha kwa mkono, yaani kwa kuzungusha panga, funga mkia kwa kamba, weka vizuizi mbele ya magurudumu, awepo mtu anayeijua ndege kwenye kiti, na watu wote warudi nyuma ya kamba. Asiyejua kazi hiyo asisaidie, hata akisisitiza.

Watakuomba pia upite chini chini kuwasalimia. Kataa. Kuruka mbele ya umati kuna kibali chake, kuna mstari wake na kuna kikao cha marubani cha asubuhi. Usipohudhuria kikao, huruki.

Beba nguo za siku mbili hata kama umepanga kurudi jioni. Msemo wetu wa "waja leo waondoka leo" uwaachie wenye mabasi. Wingu likikaa Usambara au kusi ikikaza, ndege ifungwe kamba, wewe ulale. Na siku ukifika nyumbani salama, kabla hujasukuma ndege bandani, piga simu kufunga mpango wako wa safari, maana wasipokusikia wataanza kukutafuta baharini.