Baba ana huzuni, mtoto anauma wenzake

SWALI: Assalaam alaykum Ustadh. Naishi Majengo, Pumwani. Kibanda changu cha nguo Gikomba kiliungua mwaka jana na tangu hapo mimi si yule. Usingizi sipati, hasira ziko karibu, nikifika nyumbani sitaki hata kuguswa. Mwanangu ana miaka 4. Alikuwa mpole, sasa anapiga na kuuma wenzake huko chekechea. Mke wangu anataka nimwone daktari wa akili. Rafiki yangu anasema imani yangu imepungua, nizidishe uradi tu. Nimsikilize nani?

JIBU: Wa alaykum salaam. Msikilize mkeo, na uradi usiuache.

Rafiki yako airudie Sura Yusuf. Nabii Yaqub alihuzunika kwa kumkosa mwanawe hata macho yakawa meupe (aya ya 84), na waliokuwa naye nyumbani wakamlaumu: hutaacha kumtaja Yusuf mpaka uugue au ufe! Akawajibu kwamba sikitiko lake na huzuni yake anamshtakia Allah. Nani atathubutu kusema imani ya Yaqub ilipungua? Naye Mtume (s.a.w.), kwa mapokezi ya Anas katika Bukhari, alikuwa akiomba mara kwa mara akingwe na wasiwasi na huzuni. Ni yeye pia aliyetuamuru tujitibu, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Hakubagua ugonjwa wa mwili na wa moyo.

Sasa mtoto. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la Lancet lilitoa utafiti wa Uingereza. Akina baba waliulizwa hali zao wiki 8 baada ya mtoto kuzaliwa, kisha watoto wakaangaliwa walipofika miaka mitatu na nusu. Wale ambao baba zao walikuwa na unyogovu, yaani maradhi ya huzuni ya muda mrefu, walizidi kwa matatizo ya hisia na tabia, hasa wavulana kwa ukorofi, hata baada ya kuzingatiwa hali ya mama. Hii si hukumu juu ya kila mtoto, na wako alikwishakua kidogo maradhi yalipokuingia. Lakini mtoto wa miaka 4 hana maneno ya kuuliza, "Baba, una nini?" Huuliza kwa meno.

Kwa hiyo usimchape kwa kuuma. Mwambie, kwa maneno mepesi, kwamba baba anaumwa na huzuni na si yeye aliyeileta. Kisha mpakate, hata dakika chache, hata kama moyo wako hautaki. Mtume aliswali amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu humweka chini, akisimama humbeba tena. Kama swala haikumzuia, uchovu wa sokoni una hoja gani?

Daktari unaweza kumwanzia kituo cha afya kilicho karibu. Wakikutuma Mathari, hospitali ya maradhi ya akili, nenda. Najua mjini jina hilo limegeuzwa tusi, lakini hospitali hiyo inatibu watu tangu 1910, na wanaocheka hawatakulelea mwana. Nenda na mkeo, maana yeye ameyaona usiyoyakumbuka. Ukianza kuwaza kujidhuru, usingoje miadi, nenda siku hiyohiyo. Na dawa ukipewa, usiikatize kwa kuwa umelala vizuri siku mbili. Muulize kwanza aliyekuandikia.

Wallahu a'lam.