Tamponedi ni nini? Maswali yenu ya wiki hii

Wiki hii mmeniuliza sana mambo ya damu, nimeyakusanya nayajibu hapa.

Mdogo wangu kajifungua, damu ikamwagika sana, kwenye karatasi yake wameandika tamponedi ya baluni. Ndo nini? (Dada wa Ngamiani)

Pole dada, na hongereni kwa mtoto. Kondo la nyuma likishatoka mfuko wa uzazi unatakiwa ujikaze, kukaza huko ndo kunabana mishipa, ukilegea damu inamwagika, na mimba ikishatimia mfuko unapitisha kama nusu lita ya damu kwa dakika moja kwahiyo mama anaweza kutuishia mikononi hivihivi tunamwona. Wanaanza na sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, na kusugua tumbo, ikigoma wanaingiza baluni ndani ya mfuko, wanalijaza maji ya dripu, linavimba linakandamiza kuta kwa ndani na damu inakata, kwa kawaida linatolewa ndani ya saa 24. Kuna daktari wa Bangladesh, mama Sayeba Akhter, aliona baluni za kiwandani ni ghali mno kwa hospitali zao, akachukua kondomu akaifunga kwenye katheta, ule mrija wa kutolea mkojo, na njia hiyo imeokoa wanawake wengi kwenye nchi kama zetu. Huyu mama namheshimu sana. Mdogo wako akibeba tena awaambie kliniki mapema yaliyompata, asifiche.

Neno lenyewe la wapi, lina undugu na tamponi za hedhi? (Msichana, Makorora)

Undugu upo mwanangu. Kwa Kifaransa tampon ni kizibo, zamani walisema tapon, Wafaransa wakatoa humo tamponnade, kule kuziba, na madaktari wa nchi nyingine wakalichukua. Watu wa mashua wa Pangani wanaijua nguruzi, ile ya kuziba tundu chini ya chombo, neno lilianzia kwenye maana kama hiyo. Ila kwa madaktari limesogea: siku hizi tamponedi ni mkandamizo zaidi kuliko kizibo, na ukishika hilo hata swali linalofuata litakuwa jepesi.

Baba kaambiwa ana tamponedi ya moyo, sasa mbona hana kidonda? (Kaka, Muheza)

Hapa mkandamizo ndo ugonjwa wenyewe. Moyo umevikwa mfuko mwembamba, damu au maji yakijaa humo moyo unabanwa, haupati nafasi ya kujaa, presha inashuka. Edmund Rose, daktari wa upasuaji, ndo aliyeupa jina hilo miaka ya 1880. Huku kwetu sababu kubwa mojawapo ni TB, kwahiyo mzee apimwe na hiyo, na wakisema wanataka kuyatoa maji kwa sindano msisite wala msiombe muda wa kwenda kujadiliana nyumbani.

Damu ya puani, kichwa kinainuliwa juu? (Mama Sahare)

Hapana mama, itamshuka kooni. Akae, ainame mbele, abane ile sehemu laini ya pua dakika 10 mpaka 15 bila kuachia achia. Ikigoma, hospitali, huko watamjazia gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, ndani ya pua, nayo ni tamponedi hiyohiyo.

Mama kajifungulia nyumbani damu haikati, tumzibe na kitambaa tukisubiri gari? (Bibi, Pangani)

Shikamoo bibi. Msimzibe, nakuomba. Kitambaa hakikandamizi pale panapovuja, kinaficha tu, damu inajaa ndani nyie mnaona imekata, na uchafu unampa maambukizi juu yake. Sugueni tumbo chini ya kitovu mpaka muusikie mfuko umekuwa mgumu, akojoe, mtoto anyonye, na safari ianze sasa hivi hata kwa bajaji, msisubiri kanga ya pili ilowe. Kondo kama limetoka libebeni kwenye mfuko, wataliangalia kama limetoka lote, na mkumbuke saa aliyojifungua maana ndo watakachouliza kwanza.