Kitambaa hakitoi bati: nilivyojifunza kuchakaza Hurricane

Hurricane yangu ya kwanza niliiharibu siku ileile niliyoimaliza. Nilikuwa nimeikalia wiki tatu, modeli ya plastiki ya ile ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, uwiano wa 1:72, yaani imepunguzwa mara 72, kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa kama sentimita 17 tu. Rangi ilikaa vizuri, kahawia ya udongo na kijani kizito. Lakini niliiona mpya mno, na ndege ya vita haiwezi kung'aa kama gari la harusi. Nikakata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, nikachovya kwenye rangi ya fedha, nikaanza kuidonoa kuanzia puani hadi mkiani. Nilipomaliza ilionekana kama imepigana vita vyote viwili vya dunia. Nikaipeleka kwa mama, aliyekuwa kwenye cherehani yake barazani.

"Mama, ile ndege imekwisha."

"Hebu lete." Akaisogeza karibu na miwani. "Na hii mistarimistari huku nyuma?"

"Hapo palikuwa kitambaa. Ndege zenyewe, kuanzia nyuma ya rubani hadi mkiani, walizivika kitambaa cha kitani juu ya fito za mbao."

"Kitambaa?" Akaikuna ile rangi ya fedha kwa ukucha. "Sasa baba, kitambaa kikichubuka kinatoa bati?"

Nilikosa jibu. Mimi kazi yangu ni kupiga rangi magari, kila siku nashinda na bodi zilizochubuka, halafu fundi cherehani ndiye anaona kosa. Tangu siku hiyo, kabla sijaweka doa lolote kwenye modeli, najiuliza kwanza: chini ya rangi hapa pana nini, na nani au nini kimepagusa?

Hurricane inafaa sana kujifunzia, kwa sababu ni ndege mbili ndani ya moja. Mifupa yake ni mabomba ya chuma. Mbele, kuzunguka injini ya Merlin, kuna mabati ya aluminiamu yanayofunguliwa na kufungwa kila mara mafundi wanapoikagua. Nyuma ni kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Nilipomweleza mama hiyo dawa, akasema, "Aa, kama wanga," na kweli kazi yake inafanana na wanga, ila hii ni kali zaidi na inazuia maji. Kwa hiyo mbele, kwenye kingo za yale mabati na kwenye vichwa vya skrubu, weka mikwaruzo ya fedha, kidogo. Nyuma usiweke. Kitambaa kinafifia kwa jua, kinanywa mafuta, kinatoboka, kinatiwa kiraka.

Kiraka ni wazo la mama, na ndicho watu wanachokiulizia kwanza wakiiona ndege ile. Risasi ikipita kwenye kitambaa bila kugusa mfupa, mafundi hawakuwa na haja ya kungoja bati jipya. Walibandika kipande, wakapaka dawa, wakapiga rangi, ndege ikarudi kazini. Hiyo ni moja ya sababu Hurricane ilisifika kwa kutengenezeka haraka. Kwenye modeli, funika kwa tepu ya karatasi, ile tunayotumia gereji kuziba vioo, ukiacha kidirisha cha mraba cha milimita mbili. Kisha pulizia kijani kilekile bila kukififisha. Rangi mpya juu ya rangi iliyokwisha kupigwa na jua, basi. Usiweke zaidi ya viraka viwili au vitatu. Mimi kwa furaha niliweka saba, mama akauliza kama ndege ile ni ya jeshi au ya ombaomba.

Hesabu ya ukubwa ni jambo ambalo sikulipa uzito mwanzoni. Kwa uwiano wa 1:72, milimita moja kwenye modeli ni sentimita 7.2 kwenye ndege halisi. Kile unachokiita mkwaruzo mdogo, ukikizidisha, ni upana wa kiganja. Yale madoa yangu ya sponji yalikuwa na ukubwa wa sahani za chai! Siku hizi sponji naichovya, halafu naigongagonga juu ya karatasi hadi nadhani rangi imekwisha, ndipo naigusa ndege. Sehemu nyingine natumia ncha ya kijiti cha meno. Kama unaona mkwaruzo ukiwa umesimama mlangoni, huo ni mkubwa mno.

Tena angalia upande. Rubani wa Hurricane alipandia kushoto. Upande huo kuna kikanyagio cha kuvuta, na ukikivuta kinafungua pia tundu la kushikia mkono. Basi shina la bawa la kushoto lina haki ya kuchakaa zaidi ya la kulia. Ni kama mlango wa dereva wa daladala na ule wa upande wa pili: hakuna anayehitaji kuambiwa upi unafunguliwa mara nyingi.

Halafu kutu. Hapa nakuwa mkali, samahani. Naona modeli nyingi zimepakwa rangi ya kutu mabawa mazima. Aluminiamu haioti kutu nyekundu. Nenda kaangalie Landrova ya zamani: bodi yake ni aluminiamu, imebonyea, imefifia, rangi imebanduka, lakini wekundu hakuna, kutu iko chini kwenye chesisi, ambayo ni chuma. Kwenye Hurricane ipeleke kutu kwenye mabomba ya moshi, pande mbili za pua. Mimi naanza na kahawia iliyokolea, kisha nasugua unga wa chaki ya rangi ya machungwa kwa brashi kavu, kidogo kwenye maungio.

Moshi wenyewe ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote. Unatoka kwenye mabomba, upepo unaulaza, unapita ubavuni chini ya rubani kuelekea nyuma. Anza na kahawia nyembamba mno, nyembamba kama chai ya mgonjwa, pulizia mstari mrefu. Juu yake weka mweusi mfupi zaidi, karibu na bomba. Mwisho, katikati ya huo mweusi, pitisha kijivu hafifu, kwa sababu petroli ya wakati ule ilikuwa na madini ya risasi ndani yake na iliacha utando wa kijivu. Watu wengi wanaishia kwenye mweusi, na ndege inaonekana kama imeungua.

Kwenye mabawa kuna jambo dogo linaloumbua wengi. Hurricane ya mwanzo ilikuwa na bunduki nane za Browning, nne kila bawa, na matundu yake yalizibwa kwa vipande vya kitambaa chekundu ili vumbi na baridi visiingie. Risasi ya kwanza ikitoka, kitambaa kinapasuka. Sasa ukiweka vitambaa vizima na chini yake ukachora masizi meusi ya baruti, unakuwa umesimulia hadithi mbili zinazopingana. Chagua: ndege inangoja kuruka, au imerudi.

Mimi yangu imerudi, na ninajua imerudi wapi. Nilichagua Hurricane za marubani wa Afrika Kusini waliopigana na Waitalia wakianzia Kenya, mapema 1941. Vita ile ilikwenda mbio: Kismayu ilitekwa 14 Februari, Mogadishu 25 Februari, Addis Ababa 6 Aprili, na askari wetu wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walikuwemo. Kuna kisa cha 15 Machi ambacho ndicho kilinivuta. Rubani John Frost alipigwa kutoka ardhini karibu na Diredawa, Ethiopia, akalazimika kutua kwenye uwanja wa adui. Mwenzake Robert Kershaw akashuka palepale na Hurricane yake, wakabanana wawili kwenye kiti cha mtu mmoja, wakapaa. Kershaw alipewa nishani ya DSO. Kila nikikitazama kile chumba cha rubani cha plastiki, ambamo kidole changu kidogo hakiingii, nawafikiria wanaume wawili wazima humo ndani.

Nimeleta historia hii kwa sababu inaamua uchakavu. Ndege inayofuata jeshi kwa kasi hiyo inalala nje na kuruka kwenye viwanja vya udongo. Uchakavu wake mkubwa ni vumbi na jua, kuliko rangi kumenyeka. Na vumbi halifanani kila mahali. Safari moja basi letu liliposimama Voi nilijaza kikopo udongo, ule mwekundu wa Tsavo, nikaja nao Dar es Salaam nikijiona mjanja. Makosa mawili. La kwanza, chembe za udongo halisi ni kubwa mno kwa modeli ndogo. Hata baada ya kuuchuja kwa soksi ya nailoni, ndege ilionekana imemwagiwa kokoto. La pili, mapigano yalikuwa mbali na Voi, kule kaskazini na ng'ambo ya mto Juba, na ukifika Wajir ardhi ni ya mawe ya chokaa, vumbi lake ni jeupe-jeupe. Kile kikopo sasa kinanisaidia kulinganisha rangi tu. Vumbi nalitengeneza kwa chaki za kuchorea, nazikwangua kwa wembe: nyeupe nyingi, manjano kidogo, kahawia chembe.

Lipeleke vumbi kule ambako magurudumu yangelirusha: kwenye matairi, kwenye milango ya magurudumu, kwenye ile rejeta iliyoning'inia tumboni, na sehemu ya chini ya mabawa nyuma yake. Juu ya mabawa weka hafifu tu. Kuzunguka propela, acha michirizi miwili mitatu ya mafuta kurudi nyuma. Hurricane nyingi zilifungwa ukosi nyuma ya propela wa kukinga mafuta yaliyoruka, na kama walihitaji kukinga, basi yalikuwa yanaruka.

Sasa mambo ya gereji, maana hapa nimeumia. Tina ya magari, ile dawa ya kuzimulia rangi, usiisogeze karibu na plastiki tupu. Niliwahi kufutia bawa doa la gundi kwa tina kali ya kazini, likalainika na kujikunja kama mshumaa uliosahauliwa juani. Kwa michirizi na vivuli tumia rangi za mafuta za wachoraji, ziyeyushe kwa spiriti nyeupe, na kabla yake ndege iwe imepakwa vanishi ikakauka siku nzima. Stika za maji, zile alama za ndege zinazoloweshwa kabla ya kubandikwa, nazo zinataka vanishi ya kung'aa chini yake. Ukizibandika juu ya rangi isiyong'aa, hewa inabaki chini na stika inatoa weupe kama mba.

Na sisi wa Pwani tuna adui wetu, unyevu. Wakati wa masika nilipulizia vanishi jioni, asubuhi nikakuta ndege imevaa ukungu. Tina iliyomo kwenye vanishi ikikauka haraka inapoza uso wa rangi, maji ya hewani yanagandia pale. Kwenye magari tunalijua tatizo hili miaka nenda rudi, sijui kwa nini nilidhani ndege itasamehewa. Pulizia saa nane mchana kukiwa na jua, tabaka jepesi, na kama unaweza tumia tina inayokauka taratibu. Kwa eabrashi, ile bunduki ndogo ya kupulizia rangi, kompresa ya gereji ina nguvu kupita kiasi. Funga kidhibiti cha presha.

Waya wa antena, ule unaotoka kwenye mlingoti nyuma ya rubani hadi juu ya usukani wa mkia, sikutumia uzi wa mama ingawa alinipa bure. Hata uzi mwembamba kabisa ungekuwa kamba ya meli kwa uwiano ule. Choma kipande cha ile fremu ya plastiki inayoshika vipande vya modeli juu ya mshumaa mpaka kilainike, kitoe motoni, kivute kwa mikono miwili. Unapata unywele.

Vumbi la chaki silifungi kwa vanishi mwishoni, kwa sababu vanishi inalimeza na kazi yote inapotea. Nalibakiza likiwa huru, na ndege haiguswi. Hiyo ndiyo sheria, ila hakuna aliyemwambia mtoto wa dada yangu. Nilirudi kazini Jumamosi moja nikamkuta anafurahi mlangoni.

"Shikamoo, Mjomba. Ndege yako ilikuwa chafu, nimeiosha."

Alikuwa ameanza na bawa la kushoto kwa kitambaa kibichi, kisha akaitwa kula. Nilikaa nikaitazama ile ndege, nusu na vumbi, nusu imepanguswa, nikiwa tayari kuanza upya. Kisha nikaisogeza dirishani. Maji yalikuwa yamekaukia kwenye lile bawa na kuacha mifereji miembamba ya vumbi, sawasawa na Landrova iliyonyeshewa manyunyu njiani isifike kwenye mvua yenyewe. Nimejaribu mara tatu kuupata mchirizi ule kwenye bawa la kulia kwa brashi, kwa eabrashi, kwa kijiti. Haujatoka.