One More Time... ya blink-182: kwa nini mashabiki walilia na wachambuzi wakagawanyika

Mkuu mleta uzi, umeuliza inakuwaje One More Time..., albamu ya bendi ya pop-punk ya Marekani blink-182, iingie namba moja kwao, mashabiki waipokee kwa machozi, halafu baadhi ya wachambuzi waseme ni kazi ya kawaida tu. Umeuliza pia kama inamfaa mtu anayewajua kwa wimbo wao All the Small Things pekee. Bendi hii nimeifuata tangu sekondari, napiga ngoma, na riziki yangu naipata kwa kurekodi na kumiksi kwaya hapa London. Kwa hiyo nakujibu kama shabiki, ila na sikio la kazini nalo litasema.

Bila historia, albamu hii haieleweki. Wale watatu ambao dunia inawajua ni Mark Hoppus kwenye besi, Tom DeLonge kwenye gitaa na Travis Barker kwenye ngoma. Barker aliingia 1998, mwaka uliofuata wakatoa albamu ya Enema of the State, wakawa wakubwa. Mwaka 2005 wakasambaratika. Agosti 2008 akafariki Jerry Finn, prodyuza aliyewajengea sauti yao, na mwezi uliofuata ndege aliyopanda Barker ikaanguka South Carolina. Watu wanne walikufa, yeye akatoka na majeraha mabaya ya moto. Ajali hiyo ndiyo iliyowafanya waanze kuongea tena, wakarudiana. Mwaka 2015 Tom akaondoka kwa mara ya pili, nafasi yake ikashikwa na Matt Skiba wa bendi ya Alkaline Trio. Kisha 2021 Hoppus akatangaza kwamba ana saratani, na ugonjwa huo ndio uliowakutanisha tena wote watatu. Oktoba 2022 Tom akatangazwa kurudi, na tarehe 20 Oktoba 2023 albamu ikatoka.

Sasa chukua wimbo uliobeba jina la albamu. Unauliza swali moja: hivi ni lazima mtu augue, au ndege ianguke, ndipo marafiki watafutane? Mtu asiyeijua habari hii anasikia wimbo wa taratibu wenye gitaa laini. Sisi tulioishi nayo tulisikia watu watatu wakizungumza mambo waliyoyanyamazia kwa miaka. Siku ulipotoka niliusikiliza kwenye treni, na ilibidi niuzime katikati kwa sababu nilikuwa naenda kazini na macho yameshaanza kujaa.

Kuna waliosema mashabiki waliupenda mkutano wa marafiki kuliko nyimbo. Mimi sikatai, lakini sioni kosa hapo. Ugomvi na upatanisho ndiyo mada ya albamu, wao wenyewe wameiweka mezani. Halafu tusisahau kwamba kurudiana peke yake hakujawahi kuwatosha mashabiki. Neighborhoods ya 2011 nayo ilikuwa albamu ya kurudiana, lakini waliitengeneza kila mtu studio yake, wakitumiana mafaili, na ubaridi huo unausikia mpaka leo ingawa ina nyimbo nzuri sana. California ya 2016, wakiwa na Skiba, iliingia namba moja na kuteuliwa kwenye Grammy, na bado wengi wetu tuliiita blink nusu. Hii ya 2023 ilipokelewa tofauti kwa sababu unawasikia wanapokezana mistari kama watu walio chumba kimoja.

Wachambuzi waliolalamika walikuwa na hoja pia. Nyimbo 17 ni nyingi, na vipande kama Turn This Off!, ambacho hakifiki hata nusu dakika, ni utani wa kivulana kutoka kwa watu wazima. Hoppus alikuwa na miaka 51. Edging, wimbo wa kwanza kutoka baada ya Tom kurudi, kwangu ni mwepesi mno kuwa salamu ya kurudi baada ya miaka yote ile. Na kukumbushia zamani kumezidi mahali pengine. Anthem Part 3 inafunga mnyororo ulioanza 1999 na kuendelea 2001, na hiyo naipenda kwa moyo wote, lakini kuna nyimbo zinazokumbuka ujana bila kuongeza neno jipya.

Ila kilichoniuma zaidi ni miksi, yaani namna sauti zote zilivyochanganywa, na hapa naongea kama fundi. Prodyuza ni Barker mwenyewe. Ngoma zimesukumwa mbele, kila kitu kimebanwa na kupandishwa mpaka dari. Ukibana sauti namna hiyo, yaani ukipunguza tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa, ubeti unakuwa na nguvu ileile ya kiitikio, kwa hiyo kiitikio kinapofika hakuna mahali pa kupanda. Sikiliza matoazi: yanapaswa kuvuma na kufifia, hapa yanakatwa kabla hayajamaliza pumzi. Weka Enema of the State kwenye spika zilezile, bila kugusa kitufe cha sauti. Nayo ina sauti kubwa, lakini magitaa yamepangwa kushoto na kulia, besi ya Hoppus ikabaki na njia yake katikati, na kiitikio kikiingia ni kama mtu kafungua madirisha yote ya nyumba. Mashabiki wengi walilalamika juu ya hili, hata wale walioipenda albamu, na nawaunga mkono asilimia mia.

Kuhusu swali lako la pili, ndiyo, inakufaa, lakini usianze na Edging. Anza na You Don't Know What You've Got. Hoppus anaimba kuhusu saratani yake, na gitaa la mwanzo linaikumbusha Adam's Song ya 1999. Kwangu ndio wimbo bora wa albamu nzima, na ulizungumzwa kidogo mno.

Kisha nenda Terrified. Huu ulianza kama wimbo wa Box Car Racer, bendi ya pembeni ambayo DeLonge na Barker waliianzisha bila Hoppus na kutoa albamu 2002. Hoppus aliumia sana kuachwa nje, na wengi tunaamini ufa wa kwanza ulianzia hapo. Wimbo ukabaki kabatini miaka yote hiyo. Wangeweza kuuacha hukohuko, lakini wameutoa, na safari hii Hoppus yumo ndani yake. Wachambuzi wengi niliowasoma waliupita bila kuugusa.

Mwaka 2024 walitoa toleo lililoongezwa nyimbo. Hilo lisikilize baadaye, ukishaimaliza hii ya kwanza, na kwa spika zenye besi ya wastani, maana miksi ni ileile.