Gari Lako Liko Wapi Hasa? Majibu kwa Wanaosubiri

Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana Wagogo. Wiki hii simu yangu imejaa ujumbe wa watu wanaongoja magari. Wapo waliotoa hela kwa muuzaji wa magari mapya, wapo walioagiza mnadani Japani, na yupo mmoja ambaye gari lake limeshafika Dar lakini bado hajaligusa. Nimechukua maswali machache, nayajibu hapa.

Nilitanguliza nusu ya bei ya pikapu mpya, nikaambiwa miezi mitatu. Huu ni wa nane. Muuzaji kila nikimpigia anasema "tatizo ni chipu". Ananidanganya? (Kisasa, Dodoma)

Chipu, vile vipande vidogo vya elektroniki vinavyoendesha kompyuta za gari, zilisumbua kweli, ila mimi jibu la neno moja huwa linanitia shaka.

Mwanzoni mwa 2020 viwanda vingi vya magari vilifuta oda zao za chipu vikidhani korona imeua soko. Watengenezaji wa chipu hawakukaa wakilia. Waliwauzia watu wa kompyuta na simu. Wanunuzi wa magari waliporudi haraka kuliko ilivyotarajiwa, viwanda vya magari vikajikuta mkiani mwa foleni, na chipu huchukua miezi kutengenezwa. Juu ya hapo, Februari 2021 baridi kali ilizima viwanda vya chipu Texas, na Machi mwaka huohuo kiwanda cha chipu cha Renesas kule Naka, Japani, kikaungua. Januari 2022 Toyota ikawaambia wateja wa Japani kwenyewe kwamba anayeagiza Land Cruiser 300 anaweza kusubiri hata miaka minne. Japani kwenyewe, si Dodoma!

Gari lina vipande kama 30,000 ukihesabu mpaka skrubu, na kimoja tu kikikosekana halitoki kiwandani. Vita ya Ukraine ilipoanza 2022, viwanda vya magari vya Ujerumani vilisimama kwa kukosa mafungu ya nyaya yaliyokuwa yakitengenezwa Ukraine, nyaya zilezile ambazo fundi umeme wako pale gereji huzivuta kutoka chini ya dashibodi huku akiguna. Aprili mwaka huo mafuriko yalifunika kiwanda cha Toyota cha Durban, kinachounda Hilux, na uzalishaji ukasimama kwa miezi. Agosti 2023 viwanda 14 vya Toyota Japani vilisimama kwa sababu diski za kompyuta za kupokelea oda za vipuri zilijaa. Diski kujaa, basi. Januari 2024 Toyota ikazuia kwa muda kusafirisha Hilux na Land Cruiser 300 za dizeli, baada ya kubainika kwamba vipimo vya nguvu za injini vilichezewa. Na Oktoba 2025 ugomvi wa Uholanzi na China juu ya Nexperia, kampuni ya chipu iliyoko Uholanzi lakini mali ya Wachina, uliwakosesha Honda chipu ndogo za bei chee, wakapunguza uzalishaji.

Kwa hiyo muuzaji wako anaweza kuwa mkweli, na anaweza pia kuwa amekariri. Juzi tuliketi naye msomaji huyu kwenye mgahawa jirani na Nyerere Square, akatoa profoma, ile ankara ya awali, iliyokunjwa mara nne ndani ya bahasha ya kaki. Palipotakiwa namba ya chasisi pameandikwa "itajazwa". Chini kabisa, kwa herufi za kutafuta miwani: "muda wa kufikisha gari unategemea kiwanda". Miezi minane, na bado itajazwa.

Ndugu yangu, acha kumuuliza lini. Muulize namba ya chasisi. Gari likiundwa linakuwa na namba yake, na ukiwa nayo unaweza kuuliza limepakiwa meli gani. Asipokuwa nayo, ulichonunua mpaka leo ni nafasi kwenye foleni, na hata nafasi hiyo hujui ni ya ngapi. Muulize pia kama pesa ilishatumwa kiwandani. Mwaka 2023 dola zilipoadimika nchini, oda nyingi zilikwama benki kabla hazijafika kiwanda chochote.

Mimi na gari jipya wapi na wapi! Natafuta Toyota IST ya mtumba. Mbona na zenyewe zilipanda? (Dada wa Kibaigwa)

Kwa sababu mtumba wako ni gari la mtu anayengoja jipya. Japani gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Wengi huona bora wauze kabla haujafika, wachukue jingine. Sasa jipya likichelewa, Mjapani analipia ukaguzi na kubaki na lake. Mnadani yanapungua, na wanunuzi wa Kenya, Uganda, Zambia na wewe wa Kibaigwa mnagombania yaleyale.

(Nasema mtumba wa herufi ndogo. Mtumba ya herufi kubwa ni kule Mji wa Serikali hapa Dodoma, kwenye wizara, na kule mashangingi, yale magari makubwa ya wakubwa, hayaadimiki.)

Ushauri wangu: usiikazie macho IST peke yake. Uliza Passo, Vitz, hata Mazda Demio. Na kabla hujashangilia bei ya mnadani, angalia mwaka wa kuundwa, maana gari likizidi miaka minane ushuru wa TRA unaongezeka.

Binamu yangu anasema magari yanachelewa kwa sababu ya Bahari ya Shamu. Kutoka Japani wanapita huko? (Mwalimu, Kondoa)

Hawapiti, mwalimu. Meli ya Japani inakuja kwa Singapore na Bahari ya Hindi. Lakini binamu hajakosea kabisa. Galaxy Leader, meli iliyotekwa kwenye bahari hiyo na Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, 19 Novemba 2023, ilikuwa ya kubeba magari. Baada ya hapo meli nyingi za Asia na Ulaya zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, safari ikirefuka kwa siku kumi na zaidi. Meli za magari duniani ni chache. Kila moja ikikaa baharini muda mrefu zaidi, nafasi ya kupakia inakuwa shida hata bandarini Yokohama, Japani.

Gari langu limeshushwa Dar, wiki ya tatu sasa. Wakala anasema "mfumo". (Nkuhungu)

Hapo Japani msiisingizie. Mwambie akutumie picha ya kontrol namba (namba ya kulipia) ya ushuru na tarehe iliyotolewa. Kama ilitoka na hela ulishampa, muulize risiti. Kama haijatoka, uliza karatasi gani imepungua. Mara nyingi ni hati halisi ya shehena (bill of lading) ambayo haijafika, au jina lililokosewa herufi. Gharama za kutunza gari bandarini zinahesabika kila siku, na si yeye atakayezilipa. Kutoka Dar hadi hapa Dodoma ni kilomita kama 450 tu, dereva analeta siku moja.

Naweza kudai hela yangu? (Mzee, Singida)

Shikamoo mzee. Inategemea karatasi. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, pale muda ulipokuwa kiini cha makubaliano, aliyecheleweshwa anaweza kuuvunja mkataba. Tarehe kamili inakusaidia. Neno "takriban" linamsaidia muuzaji. Andika barua ya malalamiko sasa hivi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu ukilipokea gari kimya kimya dai la fidia linalegea. Akikupuuza, nenda Tume ya Ushindani. Na kama profoma mpya imekuja kwa dola, irudishe: kanuni za Machi 2025 zinataka bei za ndani ya nchi zitajwe kwa shilingi.

Kubadili rangi kunaharakisha? (Ilazo)

Kunaweza. Ukishikilia ile ya maruni unasubiri mpaka kiwanda kipange zamu yake. Kama yadini ipo nyeupe, chukua nyeupe. Kwa vumbi hili la Dodoma, ikifika Septemba zote zitakuwa rangi moja.