Ushauri kwa Wasimamizi wa Makundi: Tusilifute Neno Kabla ya Kuisoma Sentensi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mmoja wa wasimamizi wa kundi la mtandaoni linalowakusanya wapenzi wa Kiswahili kutoka Mombasa, Dar es Salaam, Unguja, Lubumbashi na ughaibuni. Kila unapozuka ugomvi mkubwa, huletwa pendekezo lilelile: tuandike orodha ya maneno mabaya, na atakayetumia mojawapo, kwa sababu yoyote ile, ujumbe wake ufutwe na yeye mwenyewe aondolewe. Nimelipinga pendekezo hilo kila lilipoletwa, na ningependa kuwaeleza wasimamizi wenzangu sababu zangu, pamoja na utaratibu tunaoufuata sisi.

Wanaolileta wana hoja nzito. Wanataka kanuni isiyopendelea mtu, na wanajua kwamba katika eneo letu maneno yameua. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza nchini Rwanda mwezi wa Julai 1993, iliwaita Watutsi mende, na mauaji yakapewa sura ya kusafisha nyumba. Nchini Kenya, neno madoadoa lilitumiwa katika Bonde la Ufa tangu ghasia za miaka ya 1990 kuwataja watu wa makabila yaliyohesabiwa kuwa wageni. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Kwa hiyo mwezi wa Aprili 2022, tume ya Kenya inayoshughulikia utangamano na uwiano wa kitaifa ilipotoa orodha ya maneno ya chuki, yakiwemo madoadoa, kwekwe, mende na wakuja, niliielewa hofu iliyoisukuma.

Hata hivyo, orodha hiyo yenyewe inaonyesha udhaifu wa njia hii. Mkulima hawezi kuuliza dawa ya kwekwe bila kuitaja kwekwe. Humo humo liliwekwa neno hatupangwingwi, msemo wa Sheng uliotoka kwenye muziki ukapanda majukwaa ya kampeni, na ambao maana yake ni kwamba hatukubali kupangiwa mambo. Wakati huohuo, maneno mengine yaliyobeba hatari kubwa kabisa hayana ubaya wowote usoni. Wauaji wa Rwanda mwaka 1994 walihimizwa waende "kazini", na kila aliyesikia alijua kazi ni ipi. Nchini Tanzania, watu wenye ualbino wamepigiwa kelele ya "dili" barabarani, neno ambalo kila mfanyabiashara hulitamka mara kumi kwa siku, lakini likielekezwa kwao lina maana ya kwamba viungo vyao ni mali ya kuuzwa. Ni orodha gani itakayolizuia neno kazi, au neno dili?

Upande wa pili wa jambo hili unaniuma zaidi, kwa sababu wanaonyamazishwa na orodha mara nyingi ndio waliotukanwa. Mwanachama wetu mmoja mwenye ualbino aliwahi kusimulia kundini jinsi alivyoitwa zeruzeru tangu akiwa shuleni, na nani walimwita hivyo, na mama yake alifanya nini. Neno lile tumekubaliana kutolitumia kumwita mtu. Lakini kama tungeliondoa popote linapoonekana, simulizi lake lingekuwa la kwanza kufutwa, huku aliyemwandikia mwingine "wewe ni dili" akiendelea kuwa mwanachama safi.

Kiswahili chenyewe kinaikataa kanuni ya neno tupu. Katika pwani yetu mwanamke humwita rafiki yake wa chanda na pete shoga, na taarabu imejaa mashoga wa namna hiyo; kwingineko neno hilohilo hutupiwa wanaume kama tusi. Mchaga na Mpare hutaniana kwa maneno ambayo mgeni akiyasikia atadhani vita imeanza, na hata msibani mtani ana ruhusa ya kumsema marehemu pasipo mtu kukasirika, kwa kuwa ndiyo njia ya kuwaliwaza wafiwa. Tena lugha yetu huunganisha viambishi, kwa hiyo programu inayotafuta herufi za tusi moja la nguoni italikamata ndani ya kitenzi kumaliza, na mtu wa watu atafungiwa kwa kuandika kwamba amechelewa kumaliza kazi.

Sheria ya Kenya ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008, ambayo adhabu yake ya kauli ya chuki inafika faini ya shilingi milioni moja au kifungo cha miaka mitatu, haikutaja neno hata moja. Kifungu cha 13 kinauliza kama msemaji alikusudia kuchochea chuki ya kikabila, au kama, kwa kuzingatia mazingira yote, chuki hiyo ina uwezekano wa kuchochewa. Ikiwa mahakama yenye uwezo wa kumfunga mtu inatakiwa kuyatazama mazingira, sisi wasimamizi hatuna kisingizio cha kutoyatazama.

Kwetu, kanuni imeandikwa kwa kutaja vitendo: kumdhalilisha mtu kwa kabila, dini, rangi, jinsia au ulemavu wake, kumtisha, na kuwachochea wengine wamdhuru. Orodha ya maneno tunayo, lakini kazi yake ni kutushtua tu. Makundi ya Facebook, kwa mfano, yana njia ya kumjulisha msimamizi neno fulani linapotokea, kisha binadamu akasoma. Msomaji huyo awe anatoka mahali ujumbe ulikotoka, kwa sababu mtu wa Lubumbashi hatazamiwi kuijua mizaha ya Tanga. Aliyelengwa huulizwa kabla ya hukumu, na akisema ameumia, kisingizio cha utani hakitoshi: mtani ni yule anayekubali kutaniwa. Kwa kundi la watoto wa shule nisingebishana na katazo kali.

Ujumbe unaotaja watu, mahali na jambo la kutendwa dhidi yao huondolewa papo hapo, hata kama kila neno lake ni la adabu, na maswali huja baadaye. Ujumbe wa aina hiyo huongezeka nyakati za uchaguzi, na mara nyingi huja usiku. Wakenya watapiga kura tena Agosti 2027. Makundi yenye wanachama wengi kutoka huko yanapaswa kukubaliana tangu sasa nani atakesha zamu ipi, na nani kati yao anasoma Kikalenjin, Kijaluo na Kikuyu.