Baba amerudi lakini bado ni kama mgeni kwake

SWALI: Anti, habari yako. Niko Umoja hapa Nairobi, nina miaka 31. Baba alienda Afrika Kusini 1998 nikiwa mtoto, akarudi mwaka jana Disemba. Juzi rafiki yangu alinipea flashi iko na muvi ya Wagiriki inaitwa Voyage to Cythera, ya mzee anarudi nyumbani baada ya miaka mingi, nikasema hii nitatazama na baba. Tulikaa hadi mwisho, pale wale wazee wawili wanaelea baharini, alafu akasimama akaenda kulala bila neno, na tangu siku hiyo amenyamaza zaidi. Toka arudi anahesabu mageti na kidole ndio ajue yetu ni gani, manake zile nyumba ndogo aliacha zote zimekuwa maflati, na mum bado anamtilia chai kwa kikombe ya wageni. Nilikosea kumwonyesha? Na mbona wale wazee waachwe baharini hivyo?

JIBU: Hapana kijana wangu, hukukosea. Mtu mzima akikaa na muvi ya polepole hivyo hadi mwisho, bila kushika simu, ujue ameona kitu chake mle ndani.

Hiyo muvi ni ya mwongozaji Theo Angelopoulos, ya 1984, na mwaka huohuo ilipata tuzo ya skripti kwa tamasha la filamu la Cannes huko Ufaransa. Mzee Spyros alipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ugiriki, vile viliisha 1949, upande wake ukashindwa, akatorokea Muungano wa Kisovieti akakaa Tashkent miaka 32. Sasa anarudi, anashuka melini na sanduku lake na fidla, na watoto wake ni watu wazima hawajui wamwite nani. Lakini wewe nataka ukumbuke pale anafika nyumbani kwa mke wake Katerina. Miaka 32, na huyo mama hamuulizi ulikuwa wapi, hamuulizi mbona hukuandika barua, anamuuliza tu, umekula? Mimi hapo nililia, manake hilo ni swali la mama yangu, ni la mama yako pia.

Alafu wanaenda kijijini na hapo ndio mambo yanaharibika. Wanakijiji wanataka kuuza ule mlima kuwe na hoteli za watalii wa kuteleza kwa theluji, kila mtu lazima aweke sahihi, mzee anakataa, anachukua jembe anaanza kulima. Unajua vile maneno ya shamba hutenganisha watu hata huku kwetu, si lazima nikueleze. Kwao yeye ni mtu alishakufa amerudi kuwaharibia bei. Wale wenye wanamkaribisha vizuri ni marafiki wake walioko makaburini, anaenda anawachezea densi pale juu ya mchanga wao, na mwenzake mmoja aliye hai wanaongea kwa mbinja kama ndege.

Mwishowe serikali inasema hana karatasi, hana nchi, anawekwa kwa jukwaa linaloelea katikati ya bahari na mvua inamnyeshea. Sasa sikiza vizuri kwa sababu umeandika "wale wazee waachwe". Aliyewekwa pale ni mzee peke yake. Katerina hakuwekwa na mtu, aliomba mwenyewe apelekwe kwa mumewe. Hiyo ndiyo maana ya ule mwisho kwangu mimi, nchi imemkataa, kijiji kimemkataa, watoto wanazubaa tu, na mtu mmoja anasema mimi naenda na yeye. Kwa hivyo usiseme baba aliona huzuni peke yake, labda aliona pia kitu anatamani na hawezi kukiomba kwa mdomo.

Angelopoulos hakutoa haya mambo hewani. Alizaliwa Athens 1935, na Disemba 1944 baba yake alishikwa akapelekwa kusikojulikana, yeye na mama yake wakaenda kumtafuta katikati ya maiti. Baba alirudi baadaye akiwa hai. Mtoto aliyepitia hiyo akikua mkubwa hawezi kutengeneza muvi ya haraka haraka. Kamera yake inakaa pale pale mtu akitembea hadi afike, watu wanalalamika inaboesha, lakini kurudi nyumbani kunachukua muda hivyo hivyo, wewe si umemwona baba akihesabu mageti?

Na hilo la mageti usimsahihishe mbele ya watu. Jumamosi moja toka na yeye mtembee Umoja polepole, mwambie akuonyeshe wewe, hapa kulikuwa nini, nani aliishi hapa, duka lilikuwa la nani. Wewe ndio hujui Umoja ya 1998, yeye anaijua yote, basi aongoze. Usimuulize ya Afrika Kusini kwanza, atayasema akiwa tayari, na kama kuna mengine magumu huko (hata Spyros alikuwa na familia nyingine kule) hayo ni yake na mum kwanza kabla hayajakuwa yako.

Mum naye ongea naye jikoni mkiwa wawili, pole pole, usimlaumu, amelea nyumba peke yake miaka hiyo yote na hajui amshike mzee aje. Mwambie tu ile kikombe ya wageni irudi kabatini, na kesho asubuhi chai ya baba itiwe kwa zile za kila siku, hata kama imevunjika mkono.